Mia Yangu Naijua

Asubuhi moja ya mwaka 2014, konda wa daladala ya Tandika–Kariakoo aliniwekea kiganjani sarafu ya shilingi 200, akamwonyesha kwa kidevu mama aliyeshuka pamoja nami, akasema, "Wewe na mama hapo mtagawana." Akaligonga gari ubavuni makofi mawili, dereva akaondoa, nasi tukabaki kando ya barabara, watu wawili tusiojuana, tumeunganishwa na kipande kimoja cha chuma.

Nauli ilikuwa 400. Kila mmoja wetu alikuwa ametoa jero, kwa hiyo ndani ya sarafu ile mlikuwa na mia yangu na mia yake. Aliyeishi Dar es Salaam hahitaji kuelezwa zaidi. Konda akikosa vipande anawaozesha abiria wawili kwa sarafu moja, na ndoa hiyo mtaivunja wenyewe huko chini mtakakoshukia.

Nilikuwa nimechelewa kazini. Nikamwambia, "Chukua yote tu, mama yangu." Nilisema kwa moyo mweupe, na nilijiona nimetenda wema. Mama hakunyoosha mkono. Alikuwa na kanga mbili, moja kiunoni na moja mabegani, na mbele ya miguu yake beseni la maandazi lililofunikwa kwa nailoni iliyotota kwa mvuke.

"Mwanangu," akasema, "mia yangu naijua. Yako siijui."

Nikatazama saa. Nikaona njia ya mkato: andazi lake lilikuwa mia. "Basi nipe andazi moja, yaishe."

"Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, mama."

"Andazi ulikuwa unalitaka?"

Sikuweza kumdanganya. Akatikisa kichwa. "Basi sikuuzii. Nikikupa kitu ambacho hukukitaka nitakuwa nimekufanyia vilevile wanavyotufanyia."

Akaomba nimshikie beseni upande mmoja, tukavuka barabara hadi kwa muuza kahawa aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, birika lake juu ya jiko la mkaa, vikombe vimezama kwenye ndoo ndogo. Muuza kahawa hakosi chenji, kwa sababu biashara yake yote ni ya vipande. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa sarafu. Akaichukua ile yetu, akachakura kwa kidole, akatoa sarafu mbili za mia. Mama akanipa moja. Ya kwake akaiweka kwenye pindo la kanga, akaizungushia fundo, akalikaza kwa meno. Alipolikaza ndipo akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida tu:

"Mimi napanda gari mara mbili kwa siku. Mia ya kwenda, mia ya kurudi. Siku sita za wiki, hiyo ni buku na mia mbili. Kwangu ni kilo ya sembe."

Kisha akasema, "Nitwike." Nikamtwika beseni, akaondoka.

Sijamwona tena. Lakini hesabu yake niliondoka nayo, na njia nzima kwenda kazini nilikuwa nikiirudia. Mimi pia nilikuwa napanda mara mbili kwa siku. Mimi pia nilikuwa naacha mia, tena bila kuulizwa, na kila nilipoiacha nilijihesabia kuwa mtu mwenye roho kubwa, asiyegombana na vijana wa watu kwa sababu ya kitu kidogo. Sikuwa nimefikiria hata siku moja kwamba konda aliyezoeshwa na mimi ndiye anayempokea mama huyu safari inayofuata.

Ningepaswa kulijua hilo tangu utotoni, maana nililelewa na mwanamke wa aina ileile. Katikati ya miaka ya 1990 tulikuwa tunakaa Temeke, na duka letu lilikuwa la Mangi, lenye dirisha la nondo na wavu ambao katikati palikatwa tundu la kupitisha mkono. Jioni moja mama alinituma mafuta ya taa na chumvi. Mangi akanipa chupa, akanipa chumvi, halafu mahali pa chenji akanipa pipi mbili. Kwa mtoto hapakuwa na kero hapo. Ilikuwa sikukuu.

Nyumbani mama alinyoosha mkono, nikampa pipi. Nilikuwa nimezikumbatia kiganjani njia nzima, karatasi zake zimeanza kunata.

"Mimi nilikuagiza pipi?"

"Mangi amesema hana chenji."

"Rudi. Mwambie mama amesema pipi haziwashi taa."

Nilirudi nikiburuza ndala, giza limeshaanza kuingia, nikitamani ardhi ipasuke. Dirishani walikuwapo watu wazima watatu. Nikalisema neno la mama kama lilivyo, kwa sauti ndogo. Mangi hakukasirika. Alizipokea pipi, akazirudisha kwenye chupa, akachukua daftari la madeni. Daftari lile lilikuwa la mtaa mzima. Humo sote tulikuwamo, nani anadaiwa sukari, nani anadaiwa mkate. Siku hiyo Mangi aliandika jina la mama, na mbele yake akaandika kwamba yeye, Mangi, ndiye anayedaiwa. Akaligeuza nilione. Kesho yake chenji ikapatikana.

Mama alikuwa wa kizazi kilichozijua sarafu kwa majina yake ya nyumbani. Senti tano aliiita ndururu, senti kumi peni, senti hamsini sumni. Alikumbuka sungura kwenye sumni na mbuni kwenye senti ishirini, sarafu zilizotoka mwaka 1966 nchi ilipoanza kutumia fedha yake yenyewe. Kwake sarafu haikuwa mabaki ya noti. Ilikuwa fedha kamili, na mtu aliyekula ndururu yako alikuwa amekula fedha yako.

Na hata daladala lilizaliwa kutokana na sarafu. Dala ilikuwa shilingi tano, na shilingi tano ndiyo iliyokuwa nauli ya magari ya watu binafsi miaka ya mwanzo ya 1980, ndipo wapiga debe wakawa wanaita "dala, dala." Nimelifikiria sana jina hilo. Safari moja, sarafu moja. Unatoa, unapanda, hakuna anayemdai mwenzake.

Kuna jambo jingine linaloniuma, nalo lilitokea miezi michache kabla ya kukutana na yule mama. Tulikuwa tumefika Mnazi Mmoja jioni, gari limejaa hadi mlangoni, jasho linatutiririka. Mwanamume mmoja wa makamo, amevaa shati jeupe lililofuliwa mpaka kola ikachanika, alishuka akasimama mlangoni, mkono kwenye bomba. "Mia yangu." Konda akamwambia hana. "Mia yangu kwanza, ndiyo gari liondoke." Tukaanza. Mmoja alisema, mtu mzima anadai mia! Mwingine akasema, mpe tuondoke, ana njaa huyo. Watu wakacheka, nami nilicheka. Abiria wa mbele akamrushia sarafu ya mia, ikamgonga kifuani, ikaanguka miguuni pake. Hakuiokota. Akasema, "Sitaki ya kwako. Nataka yangu." Konda hatimaye akaitoa, na ilitoka kiganjani mwake, humo humo mlimokuwa na sarafu nyingine alizokuwa akizitikisa tangu Tandika kutukumbusha nauli. Kwa hiyo alikuwa nazo muda wote.

Yule bwana aliipokea, akatutazama mara moja, akaingia kwenye umati. Gari zima tulikuwa upande wa mwenye makosa, na tulimcheka aliyedai haki yake. Hadi leo nikikumbuka ile sarafu iliyomgonga kifuani nasikia aibu, na sidhani kama inastahili kuniisha.

Baada ya yule mama wa maandazi nilianza kudai. Nilidai kwa ukali, kama mtu anayelipa deni la zamani. Niliwaona makonda wote wezi. Aliyenipunguzia ukali ni kijana wa jirani yetu, niliyemjua tangu anacheza gombania goli mtaani, ambaye alipata kazi ya ukonda. Jioni moja alikuja kuketi barazani kwetu, noti zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole kama kawaida yao, akaanza kupanga hesabu. Nikamuuliza waziwazi: kwa nini hamrudishi mia za watu?

Akanijibu kwa swali. "Mjomba, hizo mia unadhani nazitoa wapi?"

Nilidhani zinakuja zenyewe. Akanieleza. Gari linatoka saa kumi na moja alfajiri. Abiria wa kwanza wote wana noti; mwenye buku, mwenye elfu tano, na yupo anayetoa msimbazi mzima kwa safari ya vituo viwili. Kabla ya jua kuchomoza ameshaishiwa vipande. Basi kituoni wapo wauza chenji, wanapita wakizichezesha sarafu mkononi ili usikie mlio. Unampa elfu kumi, anakupa sarafu za elfu tisa. Elfu moja imekwenda. Hesabu ya bosi haipungui kwa sababu ya hiyo elfu moja, mafuta hayapungui. Inatoka kwenye ya kwake na dereva.

"Na wao wauza chenji wanazitoa wapi?"

"Kwa ombaomba, kwa wauza kahawa, kwa watu wa maji. Kwa yeyote anayepokea mia mia."

Nikaona duara lote. Ile mia ambayo sisi wenye haraka tunaiona si kitu inaokotwa na mtu, inahesabiwa, inafungwa kwenye mfuko, inauzwa kwa faida. Ina soko lake. Inaonekana ndogo tu kwa asiyelazimika kuitafuta.

Nikamuuliza kama na yeye hukausha, maana ndilo neno lao la kunyamaza na chenji ya mtu mpaka ashuke. Alinyamaza kidogo. "Nimewahi. Siku nimenunua chenji mara mbili. Namwangalia mtu, naona huyu hatadai." Huyo asiyedai nilikuwa mimi. Na pia, sikuweza kuacha kufikiria, ni mtoto, ni mgeni wa mjini, ni mama mwenye mzigo ambaye akigeuka kudai gari limeshaondoka.

Simtetei. Konda asiye na vipande aseme kabla hajapokea noti, abiria ajipange au wagawane na mwenzake wakiwa bado wamekaa. Kupokea kwanza na kutangaza baadaye ni hila, hata kama ina sababu. Lakini niliacha kuamini kwamba shida nzima ni tabia za vijana wa mlangoni, na miaka iliyofuata ilinithibitishia kwa namna ambayo sikuitegemea.

Nauli ya safari fupi za Dar es Salaam, zile zisizozidi kilomita 10, ilipandishwa kutoka 300 hadi 400 mwaka 2013. Mwaka uliofuata Benki Kuu ikatoa sarafu ya 500, kwa sababu noti ya jero ilikuwa inachakaa upesi. Wengi tunazikumbuka zile noti zilizolegea kama kitambaa, zimeungwa kwa gundi ya karatasi, konda anazikataa na muuza duka anazikataa. Sarafu ilikuja ikamaliza ugomvi huo, lakini wa mia ukabaki, kwa sababu jero dhidi ya 400 lazima izae mia, mamilioni ya mia, kila siku, na mia hizo hazikuwepo.

Halafu mwaka 2022, mwezi wa tano, nauli ikawa 500. Watu walilalamika, nami nililalamika, maana kupanda ni kupanda. Ila baada ya wiki moja niliona kitu cha ajabu ndani ya gari: ukimya. Jero moja, safari moja, kama enzi za dala. Konda anapita, kila mtu anatoa sarafu yake, anarudi mlangoni. Hakuna "nitakupa ukishuka", hakuna kuunganishwa na mtu usiyemjua. Makonda walikuwa walewale na abiria walewale. Hakuna aliyehubiriwa uaminifu. Hesabu ilibadilika tu, na kero iliyotugombanisha miaka tisa ikaondoka bila kuaga.

Desemba 2023 nauli ikawa 600. Kesho yake asubuhi nikasikia nyuma yangu, "Mia nne yangu vipi?" nikajua imerudi.

Siwezi kuwalaumu wanaopanga nauli kwa kuangalia bei ya mafuta na vipuri, lazima waangalie. Ninachowaomba, na ninaomba kwa dhati, ni waiangalie na sarafu yenyewe. Kabla ya kutangaza namba, mtu mmoja mezani aulize: abiria atatoa nini mfukoni, na konda atarudisha nini? Namba isiyo na vipande vyake barabarani inamtoza mtu mara mbili, na anayetozwa zaidi ni yule ambaye kwake mia ni andazi.

Kuna jioni kijiweni kwetu, penye benchi la kahawa, tulikuwa watu sita tukizungumza habari za kero. Mmoja akasema angepewa uwezo wa kuondoa moja angeondoa mlio wa mbu, wala si kuumwa, mlio tu sikioni usiku umeme umekatika na feni imesimama. Mwingine akasema maji ya bomba yanayofunguliwa saa nane usiku, mama watoto anaamka kujaza ndoo. Mzee mmoja akasema watu wanaozungumza na simu kwa sauti ya juu msibani. Zamu yangu ilipofika nikasema chenji, wakaguna kwamba nimechagua kidogo mno. Lakini hatukuondoka kwenye chenji tena hadi kahawa ikaisha. Kila mmoja alikuwa na yake. Yupo aliyekosana na shemeji yake kwa ajili ya elfu moja ya bodaboda. Yule mzee wa simu akasema aliacha kwenda duka fulani miaka kumi kwa sababu ya kiberiti alichopewa badala ya hamsini yake, ilhali hata havuti sigara. Alikuwa bado ana hasira, sauti ilimtetemeka. Hakuna aliyecheka.

Wapo waliosema simu zitalimaliza jambo hili. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na dukani imesaidia kweli. Kule lipa namba imewekwa ukutani na unalipa hadi shilingi ya mwisho. Lakini ndani ya daladala mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umekumbatia begi ili lisichanwe, na simu ya kutoa hadharani ni simu ya kuaga. Tena mwaka 2021, mwezi wa saba, tozo za miamala zilipoanza, wengi wetu tulirudi kwenye noti, na hata zilipopunguzwa mazoea yalikuwa yamesharudi. Kwa mtu wa nauli ya 600, kila makato yanaonekana.

Kwa hiyo nimefanya ninaloweza. Nyumbani nina kopo la maziwa ya unga, kama la yule muuza kahawa. Kila kipande kinachoingia nyumbani kinakwenda humo, na Jumapili jioni nakaa na binti yangu sakafuni tunapanga: jero upande huu, mia mbili upande huu, mia huku. Anapenda kuwatazama wanyama walio kwenye sarafu. Tunazifunga nauli za wiki, jero na mia, jero na mia, kila moja kwenye kipande cha karatasi cha daftari lake. Mia mbili zikizidi nampelekea Mangi wa sasa, kijana mdogo, naye hunipa noti bila kunikata kitu.

Jumatatu iliyopita nilipanda asubuhi, nikakaa kiti cha tatu. Konda alipofika nikamfungulia karatasi yangu. Alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu ya kuamka mapema, kwenye kiganja cha kushoto ana sarafu ya mia mbili na ya mia, na nyuma yangu dada mmoja alikuwa ametoa buku, mkono wake bado umeinuliwa, anasubiri.

"Mzee, Mungu akupe," akasema. Jero akaitia mfukoni. Mia haikukaa mkononi mwake hata kidogo. Aliiunga na zile mbili akazipitisha juu ya bega langu. Nilimsikia dada akizihesabu kwa sauti ya chini, mia mbili, tatu, nne, kisha zipu ya pochi yake ikafungwa.